Insomnia (filamu ya 2002)

Insomnia ni filamu ya upelelezi na ya kusisimua kutoka Marekani iliyotolewa mwaka wa 2002. Iliongozwa na Christopher Nolan, na muswada wake uliandikwa na Hillary Seitz. Nyota wake ni Al Pacino, Robin Williams na Hilary Swank. Wote watatu walikuwa wameshapata tuzo ya Oscar kabla ya filamu hii kutengenezwa. Hadithi imetokana na filamu ya Norwei yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Erik Skjoldbjærg mwaka wa 1997.

Jina la filamu lina maana ya ukosefu wa usingizi. Linamhusu mpelelezi mzoefu anayetumwa Alaska wakati wa majira ya joto, ambako jua halizami, ili amtafute muuaji wa msichana wa shule. Katika kazi hiyo anampiga risasi mpelelezi mwenzake na kuficha ukweli. Muuaji anayetafutwa ndiye pekee aliyemwona.

Filamu hii hutajwa mara nyingi kwa sababu mbili. Kwanza, ilikuwa filamu ya kwanza ambayo Nolan aliongoza kwa ajili ya studio kubwa ya Hollywood. Pili, nafasi ya muuaji ilichezwa na Robin Williams, mchekeshaji aliyependwa na watoto na watu wazima duniani kote. Nafasi hiyo ni mfano unaoeleweka kwa urahisi wa kile kinachotokea mwigizaji anapopewa mhusika aliye kinyume na sura ambayo watazamaji wameizoea.

## Taarifa za msingi

- Mwongozaji: Christopher Nolan
- Mwandishi wa muswada: Hillary Seitz
- Mpiga picha: Wally Pfister
- Mhariri: Dody Dorn
- Muziki: David Julyan
- Msambazaji nchini Marekani: Warner Bros.
- Tarehe ya kutolewa Marekani: 24 Mei 2002
- Urefu: dakika 118
- Lugha: Kiingereza

## Waigizaji wakuu

- Al Pacino kama Will Dormer, mpelelezi kutoka Los Angeles
- Robin Williams kama Walter Finch, mwandishi wa riwaya za upelelezi
- Hilary Swank kama Ellie Burr, polisi kijana wa mji wa Nightmute
- Martin Donovan kama Hap Eckhart, mpelelezi mwenzake Dormer
- Maura Tierney kama Rachel Clement, mhudumu wa hoteli
- Nicky Katt kama Fred Duggar, polisi wa mji
- Paul Dooley kama Charles Nyback, mkuu wa polisi wa mji
- Jonathan Jackson kama Randy Stetz, mpenzi wa msichana aliyeuawa
- Katharine Isabelle kama Tanya Francke, rafiki wa msichana aliyeuawa
- Crystal Lowe kama Kay Connell, msichana aliyeuawa

## Hadithi

Wapelelezi Will Dormer na Hap Eckhart wanafika kwa ndege ndogo katika mji wa wavuvi wa Nightmute, Alaska. Msichana wa miaka 17, Kay Connell, amepigwa hadi kufa. Muuaji ameuosha mwili, amekata kucha na kusafisha nywele ili asiache alama yoyote. Polisi wa mji mdogo hawajawahi kuona jambo kama hilo, kwa hiyo mkuu wao ameomba msaada.

Huko Los Angeles, kitengo kinachochunguza mwenendo wa polisi kimeanza kufuatilia kazi za Dormer. Hap anamwambia kwamba ameamua kushirikiana na wachunguzi hao. Dormer anaogopa. Akionekana kuwa si mwaminifu katika kesi moja, wahalifu wote aliowafunga watapata nafasi ya kukata rufaa na kuachiwa.

Dormer anatega mtego kwa kutumia begi la Kay ili kumvuta muuaji. Muuaji anafika, anagundua mtego na kukimbia kwenye ufuko wenye mawe uliojaa ukungu mzito. Polisi mmoja anapigwa risasi mguuni. Dormer anaona kivuli, anafyatua risasi, na aliyeanguka ni Hap. Kabla ya kukata roho, Hap anamtuhumu kwamba amekusudia. Polisi wengine wanapofika, Dormer anasema muuaji ndiye aliyefyatua. Uongo huo mmoja unazaa mwingine. Dormer ameokota bastola aliyoiangusha muuaji. Anaitumia kupiga mzoga wa mbwa, anachukua risasi iliyotoka humo, kisha anaibadilisha na ile iliyotolewa katika mwili wa Hap.

Usiku wa kwanza Dormer hapati usingizi, wala wa pili. Ndipo simu inapoanza kulia chumbani mwake. Anayepiga ni mtu mwenye sauti ya upole anayesema aliona yote yaliyotokea kwenye ukungu. Vitabu vya upelelezi alivyokuwa akisoma Kay vinampeleka Dormer kwa mwandishi wake, Walter Finch, ambaye anaishi eneo hilohilo. Baada ya kumfukuza juu ya magogo yanayoelea majini na kumkosa, Dormer anakutana naye ana kwa ana kwenye feri. Finch anapendekeza mapatano: kila mmoja atunze siri ya mwenzake, na lawama apewe Randy, kijana aliyekuwa akimpiga Kay.

Dormer anajaribu kumtega Finch kwa kuificha bastola nyumbani kwake. Finch anaigundua na kuihamishia nyumbani kwa Randy, na kijana huyo anakamatwa. Wakati huohuo Ellie Burr, ambaye alisoma kesi za Dormer kama mfano wa kazi bora, amepewa jukumu la kuandika taarifa ya kifo cha Hap. Anarudi ufukweni na kuokota ganda la risasi ya milimita 9 lisilolingana na bastola ya muuaji, bali na bastola ya akiba ya Dormer.

Usiku wa mwisho Dormer anamkiri Rachel, mhudumu wa hoteli, kwamba kweli aliwahi kupandikiza ushahidi ili kumfunga mtu aliyeamini kuwa alimuua mtoto. Wakati huo Ellie amekwenda peke yake kwenye nyumba ya Finch iliyo kando ya ziwa. Dormer anamfuata akiwa hoi kwa kukosa usingizi. Ellie anamuuliza kama alimuua Hap kwa kukusudia, naye anajibu kwamba hajui tena. Finch na Dormer wanapigana risasi. Finch anaanguka majini na kufa, na Dormer anajeruhiwa vibaya. Ellie anataka kulitupa lile ganda la risasi ili kulinda jina lake. Dormer anamzuia, kisha anafumba macho na kufa.

## Jua la saa sita usiku

Kwa msomaji anayeishi karibu na ikweta, msingi wa hadithi hii unahitaji maelezo. Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, mchana huchukua karibu saa 12 mwaka mzima. Hata hesabu ya saa ya Kiswahili inategemea hilo: saa moja asubuhi huja baada ya jua kuchomoza, na saa moja usiku huja baada ya jua kuzama. Kaskazini mwa duara ya Aktiki mambo ni tofauti. Kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama, kuna siku katika majira ya joto ambazo jua halizami kabisa. Katika mji wa Tromsø, Norwei, ilikotengenezewa filamu ya kwanza, jua hubaki juu ya upeo tangu karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai.

Nightmute ni jina la kijiji halisi cha jamii ya Wayup'ik kusini-magharibi mwa Alaska, lakini mji unaoonyeshwa katika filamu ni wa kubuni. Kijiji halisi kiko kusini mwa duara ya Aktiki. Huko jua huzama kwa muda mfupi wakati wa majira ya joto, ingawa anga haliwi na giza kamili.

Katika filamu, mwanga huu unatumiwa kwa namna mbili. Kwanza ni kikwazo cha kawaida kwa mgeni. Mwanzoni mwa upelelezi Dormer anataka kwenda shuleni kumhoji Randy, na wenyeji wanalazimika kumkumbusha kwamba ni saa nne usiku. Baadaye mwanga unakuwa picha ya dhamiri. Dormer anaziba dirisha la hoteli kwa kila kitu anachokipata na bado analalamika kwamba chumba kina mwanga mkali. Rachel anapoingia anaona chumba chenye giza. Mtazamaji anaelewa hapo kwamba kinachomnyima mpelelezi usingizi hakitoki dirishani.

Filamu nyingi za uhalifu huficha maovu usiku. Hapa maovu yanatendeka mchana. Mahali pekee ambapo watu hawaonani ni kwenye ukungu, na ndipo kosa kubwa linapotokea.

## Filamu ya Norwei ya 1997

Insomnia ya kwanza ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Erik Skjoldbjærg, ambaye aliandika muswada pamoja na Nikolaj Frobenius. Stellan Skarsgård alicheza kama Jonas Engström, mpelelezi wa Kiswidi anayefanya kazi Norwei. Nafasi ya mwandishi muuaji, Jon Holt, ilichezwa na Bjørn Floberg.

Mifupa ya hadithi ni ileile, lakini filamu hizi mbili zinatofautiana katika uzito wa hatia. Engström ni mtu baridi ambaye mtazamaji hapati nafasi kubwa ya kumpenda. Ili apate risasi ya kubadilisha, anampiga mbwa aliye hai, ilhali Dormer anatumia mbwa aliyekwisha kufa. Uchunguzi wa kitengo cha Los Angeles haumo katika filamu ya Norwei. Ni nyongeza inayompa Dormer sababu ya kumwogopa mwenzake na kumwacha mtazamaji na shaka kama risasi ile ilikuwa ajali.

Miisho nayo ni tofauti. Katika filamu ya Norwei polisi wa kike anamwachia Engström ganda la risasi, naye anaondoka kwa gari bila kuadhibiwa. Katika ile ya Marekani mpelelezi anakataa kuokolewa na uongo wa mtu mwingine.

## Utayarishaji

Nolan alikuwa ametengeneza filamu mbili tu ndefu kabla ya hii: Following (1998), iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana, na Memento (2000), iliyompatia sifa. Mwongozaji Steven Soderbergh alisaidia kuwashawishi Warner Bros. wampe nafasi. Soderbergh na mwigizaji George Clooney walikuwa watayarishaji watendaji wa filamu hii kupitia kampuni yao, Section Eight.

Nolan alifuatana na watu aliowazoea. Pfister na Dorn walikuwa wamefanya naye Memento, na Julyan alikuwa ametunga muziki wa filamu zake zote mbili. Insomnia ndiyo filamu ndefu ambayo Nolan aliiongoza bila jina lake kuandikwa miongoni mwa waandishi wa muswada.

Sehemu kubwa ya picha ilipigwa katika jimbo la British Columbia, Kanada, na nyingine Alaska. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni 46 za Marekani.

Uchaguzi wa waigizaji wawili wakuu unafuata mantiki moja. Al Pacino alijulikana kwa kucheza polisi, kwa mfano katika Serpico (1973), Sea of Love (1989) na Heat (1995). Katika Serpico alicheza kama polisi halisi aliyefichua rushwa ya polisi wenzake. Watazamaji walioingia kumwona Dormer walikuwa tayari wanamwamini kama mtu anayejua kazi yake. Kwa upande wa Williams, imani ya watazamaji ilikuwa ya aina nyingine: walimwona kama mtu mwema. Filamu inazitumia imani hizo mbili na kuzigeuza zote. Polisi anakuwa mwongo, na mwenye sauti ya upole anakuwa muuaji.

## Robin Williams kabla ya filamu hii

Robin Williams alizaliwa Chicago tarehe 21 Julai 1951. Tangu 1973 hadi 1976 alisoma uigizaji katika shule ya Juilliard, New York, na mmoja wa wanafunzi wenzake alikuwa Christopher Reeve. Baadaye alijijengea jina katika uchekeshaji wa jukwaani. Televisheni ndiyo iliyomfanya maarufu: katika mfululizo wa Mork & Mindy (1978–1982) alicheza kama mgeni kutoka sayari nyingine. Alijulikana kwa kasi ya maneno, kwa kubadilisha sauti ghafla na kwa kubuni vichekesho papo hapo mbele ya kamera.

Watazamaji wengi nje ya Marekani walimfahamu kwa filamu za familia. Katika Aladdin (1992) ilisikika sauti yake kama Jini, katika Mrs. Doubtfire (1993) alikuwa baba anayejifanya yaya mzee ili awe karibu na watoto wake, na katika Jumanji (1995) alikuwa mtu aliyenaswa ndani ya mchezo.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Insomnia ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza nafasi nzito. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa Good Morning, Vietnam (1987), Dead Poets Society (1989) na The Fisher King (1991). Aliipata kwa Good Will Hunting (1997), akiwa mwigizaji bora msaidizi. Katika Awakenings (1990) alicheza kama daktari. Aliwahi pia kucheza wahusika wa giza katika nafasi ndogo, kama mtega mabomu katika The Secret Agent (1996).

Jambo jipya mwaka 2002 lilikuwa uovu katika nafasi kubwa. Wahusika wake wazito waliokumbukwa zaidi walikuwa waalimu, madaktari na washauri. John Keating wa Dead Poets Society anawafungulia vijana mlango wa fasihi. Sean Maguire wa Good Will Hunting anamsikiliza kijana aliyeumizwa hadi anapona. Watazamaji walikuwa wamejifunza kwamba Williams anapopunguza sauti na kumtazama kijana machoni, kijana huyo yuko salama.

## Walter Finch

Finch amejengwa juu ya mazoea hayohayo. Ni mtu wa makamo, msomi wa mji mdogo, ambaye anampa msichana vitabu, anamsikiliza akilalamika kuhusu mpenzi wake na kumpa zawadi. Kwa nje ni mlezi. Tofauti na Keating au Maguire ni kwamba anataka kulipwa kwa wema wake.

Mtazamaji anamsikia Finch kabla ya kumwona. Kwa muda mrefu yeye ni sauti ya simu tu, na uso wake unaonekana vizuri filamu ikikaribia katikati. Kwa mwigizaji aliyejulikana kwa mikono na uso visivyotulia, huu ulikuwa mpango wenye maana. Sauti imetulia, sentensi zinakamilika, na maneno yamepangwa kama ya mtu anayesoma taarifa aliyoiandika mwenyewe. Anapotokea kwenye feri amevaa nguo za kawaida, na hana alama yoyote ya kutisha. Akipita sokoni hakuna atakayegeuka kumtazama.

Silaha yake kubwa ni mazungumzo. Hamtishii Dormer kwa nguvu, bali anamkaribisha. Anamweleza kwamba wote wawili walitenda bila kukusudia, kwamba wote wanaogopa, na kwamba wanaweza kusaidiana. Kila anapopiga simu hutumia lugha ya ushirika, mpaka mpelelezi na mhalifu waonekane kama wafanyakazi wa ofisi moja. Dormer anamchukia kwa sababu kila anachosema Finch kina sehemu ya ukweli ndani yake.

Kiini cha mhusika huyu kiko katika maelezo yake ya usiku wa mauaji. Finch anasimulia kwamba alijaribu kumbusu Kay, na Kay akaanza kumcheka. Alitaka tu anyamaze. Alimpiga ili kicheko kikome, na hakuacha mpaka msichana alipokufa. Anasimulia haya kwa sauti ya mtu anayeomba kueleweka, kana kwamba aliyeonewa ni yeye.

Hapa ndipo uteuzi wa mchekeshaji unapopata uzito wake wote. Mtu aliyekuwa amefanya kazi kwa zaidi ya miaka 20 ili watu wacheke anacheza kama mtu anayeua kwa sababu amechekwa. Mchekeshaji wa jukwaani hujua vizuri tofauti kati ya kucheka pamoja na mtu na kumcheka mtu, kwa maana kazi yake yote iko kwenye mpaka huo. Finch hawezi kuvumilia upande wa pili. Filamu haimpi ugonjwa wala utoto wenye mateso kuwa kisingizio. Sababu yake ni ndogo na ya kawaida, yaani kiburi kilichojeruhiwa, na udogo wa sababu hiyo ukilinganishwa na mauti ya msichana ndio unaotisha.

Ustadi wa mchekeshaji haukupotea katika nafasi hii, bali ulibadilishiwa kazi. Kujua muda wa kunyamaza, kusikiliza mwenzako anavumuaje kabla ya kujibu, na kuhisi ni neno gani litampata msikilizaji ni mambo ambayo jukwaa la vichekesho hufundisha kwa ukali. Williams aliyatumia kumjenga mtu anayejua lini Dormer amechoka vya kutosha kukubali.

## Mwaka 2002 katika kazi ya Williams

Insomnia ilikuwa moja ya filamu tatu za mwaka huo ambamo Williams alicheza wahusika wa giza. Katika Death to Smoochy, iliyoongozwa na Danny DeVito, alikuwa mtangazaji wa kipindi cha watoto aliyefukuzwa kazi na kutaka kulipiza kisasi. Hiyo ilikuwa vichekesho vichungu. Katika One Hour Photo, iliyoongozwa na Mark Romanek, alikuwa Sy Parrish, msafishaji wa picha katika duka kubwa, mtu mpweke anayejiingiza katika maisha ya familia ya wateja wake. Kwa nafasi hiyo alipata tuzo ya Saturn ya mwigizaji bora wa kiume.

Sy na Finch wanafanana kwa upweke, lakini hawako sawa. Sy anaamsha huruma na hofu kwa pamoja. Finch anajaribu kuinunua huruma ya wengine, na kadiri anavyoeleza zaidi ndivyo anavyoipoteza.

Mwaka huohuo Williams alirudi pia kwenye uchekeshaji wa jukwaani, na onyesho lake la New York likarushwa na televisheni ya HBO mwezi Julai. Kwa hiyo hakuwa ameacha vichekesho ili awe mwigizaji mzito. Alifanya yote mawili kwa wakati mmoja.

## Mapokezi

Filamu iliingiza karibu dola milioni 67 nchini Marekani na Kanada, na karibu dola milioni 113 duniani kote. Katika tovuti ya Rotten Tomatoes, zaidi ya asilimia 90 ya tahakiki zilizokusanywa ni za kuisifu. Mhakiki Roger Ebert aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne, akiichukulia kama mchezo mzuri uliopandishwa jukwaani upya badala ya nakala hafifu ya filamu ya Norwei.

Wahakiki wengi walisifu uchovu wa Pacino, ambaye uso wake unazidi kuporomoka kadiri siku zinavyopita, na utulivu wa Williams. Mafanikio hayo yalisaidia Warner Bros. kumwamini Nolan, ambaye baadaye aliiongozea studio hiyo Batman Begins (2005) na filamu nyingine kubwa. Kwa sababu ya ukubwa wa filamu hizo, Insomnia mara nyingi huachwa nyuma kazi za Nolan zinapojadiliwa.

## Wachekeshaji wengine katika filamu za uhalifu

Williams si mchekeshaji pekee aliyepita njia hii. Albert Brooks, aliyejulikana kwa vichekesho vya watu wenye wasiwasi mwingi, alicheza kama jambazi Bernie Rose katika Drive (2011), na wahakiki wa New York wakampa tuzo ya mwigizaji bora msaidizi. Yeye pia alitegemea upole: mhusika wake huongea kwa utaratibu hata anapoua.

Adam Sandler alichukua njia tofauti katika Uncut Gems (2019). Alicheza kama Howard Ratner, mfanyabiashara wa vito wa New York mwenye madeni ya kamari, anayeweka matumaini yake yote kwenye jiwe la opali kutoka Ethiopia. Sandler hakuificha kelele yake ya vichekesho. Aliiacha iendelee mpaka mtazamaji akachoka kucheka na kuanza kuogopa. Alipata tuzo ya Independent Spirit ya mwigizaji bora wa kiume.

Mifano hii inaonyesha njia mbili. Moja ni kuzima kile ambacho watu wamekizoea, kama walivyofanya Williams na Brooks. Nyingine ni kukiacha na kukibadilishia mazingira, kama alivyofanya Sandler. Njia zote mbili zinategemea kwamba mtazamaji anakuja akiwa tayari anampenda mwigizaji.

## Baadaye

Williams aliendelea kupokea nafasi za aina hii mara kwa mara, ikiwa ni pamoja na The Final Cut (2004) na The Night Listener (2006). Mwaka wa 2008 alicheza kama mhalifu mwerevu katika sehemu moja ya mfululizo wa televisheni Law & Order: Special Victims Unit, na akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy.

Alifariki tarehe 11 Agosti 2014 nyumbani kwake California, kwa kujiua. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa ubongo unaoitwa ugonjwa wa Lewy. Ugonjwa huo hauna uhusiano na wahusika aliowacheza miaka 12 kabla, na si sahihi kuzisoma nafasi zake za mwaka 2002 kama dalili za kifo chake. Finch ni kazi ya mwigizaji aliyesomea fani yake, aliyejua watu wanamtarajia awe nani, na aliyeutumia ujuzi huo kuwaonyesha jinsi mtu mbaya anavyoweza kuwa na sauti nzuri.